Anayesikiliza Kikaango

Nyumbani
Jumapili, 4 Machi

Mke wangu mpenzi,

Nimepata barua yako kwa mkono wa yule dereva wa lori la mahitaji. Anasema huko mnakopima barabara simu hazishiki hata mtu apande juu ya paa la gari, basi tumekuwa watu wa barua na hatuna la kufanya. Mwandiko wangu unaujua. Nimezoea kuandika vipimo vya viuno na mabega ya watu, siyo habari.

Sote wazima. Mama yangu analalamikia magoti yake, ambayo ni dalili kwamba hana kitu kingine cha kulalamikia. Chiriku wako, binti yetu huyu, anaongea tangu anapoamka mpaka anaposinzia na neno mdomoni.

Umeuliza tunakula nini. Usiwe na wasi. Siku za kazi Bibi ndiye anayepika. Jumamosi na Jumapili, zile asubuhi zako za vimanda, nimezichukua mimi. Ndiyo, mimi. Cheka ukimaliza, uendelee kusoma. Wiki za mwanzo nilitoa vitu kama viraka vya suruali ya makanika. Lakini sasa, mke wangu, kimanda kinachotoka kwenye kikaango chetu kile kidogo sijapata kukiona popote. Kingo zimekaza, katikati laini, hakuna hata mahali palipoungua. Kinageuzwa mara moja tu na kinatua palepale. Jana nilisimama nikakitazama kinavyogeuzwa, mdomo wazi, mpaka Bibi akaniuliza kama nimeona malaika.

Chiriku anakaa kwenye kiti chake mbali na jiko, kama ulivyoagiza. Hatii mguu.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi yake, ile ya nukta zake za kutobolewa. Usinigombeze. Najua niliahidi kujifunza kuzisoma tangu alipoanza shule ya wasioona, na huu ni mwaka wa tatu. Jana alikaa mezani alasiri nzima akitoboa, tak tak tak. Nadhani anakusimulia mambo ya shule.

Mumeo,
Fundi

*

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Asante, asante, asante. Baba ameniambia kwamba alikuuliza kwenye barua ya mwezi uliopita na wewe ukakubali nipike. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Nilimkimbilia Bibi nikamwambia Mama amekubali, na Bibi akasema, "Mama yako? Amekubali? Basi huko mlimani kuna hewa nzuri sana."

Ilianza hivi. Baba alikuwa anapika yeye na mimi nimekaa kwenye kiti changu. Nikasikia yai limefika. Nikamwambia, Baba, geuza. Akasema bado, juu kuna majimaji. Nikamwambia linaungua. Likaungua. Kesho yake nikamwambia tena geuza, akageuza, na Bibi akala akanyamaza. Unajua Bibi akinyamaza maana yake nini. Jumamosi iliyofuata Baba akanipa mwiko.

Sasa napika vimanda vitatu kila Jumamosi na vitatu kila Jumapili. Kimoja kimoja, kwa sababu kikaango ni kidogo. Cha Bibi chumvi kidogo kwa ajili ya presha. Cha Baba kina pilipili hoho nyingi. Changu kina nyanya, na kinakuwa cha mwisho, kwa hiyo nakila moto kuliko wote.

Nina maneno mengi lakini karatasi ni moja na kidole kinauma kwa kutoboa.

Mtoto wako,
Chiriku

*

Kambini
Alhamisi, 15 Machi

Mume wangu,

Barua zote mbili nimezipata. Hongera sana. Kumbe nimeishi miaka kumi na mbili na mpishi nikidhani ni fundi cherehani.

Sisi huku tunakwenda polepole. Mvua inang'oa vigingi vyetu, tunavipigilia upya. Unanijua: siandiki kipimo mpaka nimekipima mara mbili. Kwa hiyo nisaidie kidogo, maana nina hamu ya kujifunza kutoka kwako. Unajuaje kwamba wakati wa kukigeuza umefika, wakati juu bado kuna majimaji? Mkono wa kushoto unakuwa wapi wakati wa kulia umeshika mwiko? Moto unaupunguza lini? Usiniandikie "usiwe na wasi". Wasi ninao tayari, nataka maelezo.

Mpe Chiriku karatasi hii yenye nukta. Ni yetu sisi wawili.

Mkeo

*

15 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Niandikie tena, na safari hii usinisimulie nani kala nini. Nieleze unavyopika, hatua kwa hatua, usiruke hata moja. Mikono yako inakuwa wapi. Baba anakuwa wapi. Kama umewahi kuungua, niambie, sitamgombeza mtu.

Mama

*

Nyumbani
Jumapili, 1 Aprili

Mke wangu,

Maswali gani haya! Nilidhani naandikiwa na mke, kumbe mahakama. Lakini sawa, umeuliza, nitajibu, na nitakwambia jambo ambalo sikulijua mpaka uzee huu.

Yai lina sauti. Likiingia tu kwenye mafuta linapiga kelele, watu sokoni kabisa. Baada ya muda linaanza kunung'unika. Halafu inakuja sauti ndogo sana, mnong'ono, na hapo ndipo linapogeuzwa, hata kama juu kunang'aa. Ukingoja linyamaze umeshachelewa. Mimi ninayekaa na cherehani miaka ishirini, ninayesikia uzi unakatika kabla haujakatika, nilidhani nina masikio. Sina kitu. Nimekaza shingo nisikie huo mnong'ono wiki tatu mfululizo, na bado nausikia nusu. Na halafu kuna harufu. Siagi ina harufu yake kabla ya kubadilika rangi, kitunguu nacho kina yake. Unaweza kuishi na pua usoni maisha yako yote na usijue kazi yake.

Nakwambia kweli, siku hizi naingia jikoni Jumamosi kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Navua hata viatu.

Mkono wa kushoto unashika mpini. Kwa nini unauliza mkono?

Karatasi ya Chiriku iko ndani. Zipo tatu. Sijui shule ina habari gani ndefu namna hiyo.

Fundi wako

*

1 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hatua zote hizi hapa.

Kwanza Bibi anasuka nywele zangu zote nyuma. Halafu navaa aproni ya jinzi aliyonishonea Baba, ina mikono inayobana mpaka kwenye kifundo. Alinipima mara nne na kuibomoa mara mbili. Kisha glavu ya mkono wa kushoto, nene, lakini ncha ya kidole cha shahada ameikata ili nipate kuhisi joto.

Kila kitu mezani kina mahali pake. Mayai kushoto kwenye bakuli la plastiki. Bakuli la kupigia liko mbele yangu. Chumvi nyuma yake. Kisu kiko kulia, ncha yake imeelekea ukutani. Hakuna anayeruhusiwa kugusa meza yangu. Bibi alisogeza chumvi siku moja na Baba alimfokea, mama yake mzazi! Halafu akamwomba radhi, halafu akamfokea tena kidogo.

Jiko anawasha Baba. Amesema nikifika miaka kumi na moja tutaongea. Kwenye kitasa cha jiko amezungusha uzi mnene wa viatu na kuufunga mafundo matatu. Fundo la kwanza likiwa juu, moto mdogo. La pili, wa kati. La tatu silitumii.

Naweka siagi. Naweka mkono wa kushoto juu ya kikaango, siugusi, nangoja joto lifike kwenye ile ncha ya kidole. Likifika namimina. Halafu nasikiliza. Sipendi kuongea wakati huo, na najua hutaamini. Nikisikia sauti ya tatu naingiza mwiko chini, nazungusha pande zote, kikiteleza nageuza. Nahesabu mpaka kumi na mbili. Basi.

Sijawahi kuungua. Ningekuwa nimeungua ningekwambia.

Baba anasimama nyuma yangu, hatua moja. Siku moja nilisikia anapumua vibaya, nikamwuliza, Baba, unalia? Akasema ni kitunguu. Lakini kitunguu nilikuwa bado sijakikata.

Chiriku

*

Kambini
Alhamisi, 12 Aprili

Fundi,

Kaa chini kwanza.

Zile karatasi ambazo umekuwa ukizitia kwenye bahasha kwa mkono wako mwenyewe na kuzifunga kwa gundi zinaeleza kila kitu. Tangu ile barua ya tarehe nne Machi najua ni nani anayepika. Ungejifunza nukta zile, mwongo wewe, ungejua kwamba kwa kila bahasha umekuwa ukijishtaki mwenyewe.

Nilicheka, nakiri. Nilicheka mpaka wapimaji wenzangu wakaja kuniangalia. Halafu nikaenda nyuma ya hema, nikaisoma tena, na kicheko kikaisha. Mtoto wetu haoni, Fundi. Ana miaka tisa. Na wewe unamsimamisha mbele ya moto na mafuta yanayochemka, kisha unanisimulia habari za harufu ya siagi.

Kuna jambo unalolijua nusu. Siku ya birika, miaka miwili iliyopita, nilikwambia alilipiga kumbo kwa kutokuwa makini. Si kweli. Birika lilikuwa na mahali pake, karibu na ukuta, na yeye alipajua. Mimi ndiye niliyelisogeza nipanguse meza, na sikumwambia. Alinyoosha mkono mahali ambapo siku zote palikuwa patupu. Mguu wake ukaungua. Na badala ya kujipiga marufuku mimi, nikampiga marufuku yeye. Sijawahi kumwambia mtu.

Na umenifanyia kitu kibaya zaidi. Umemwambia nimekubali. Ananishukuru, Fundi! Nilikuwa nimeshashika kibao na msumari wa kutobolea nimwandikie hapana. Nikatoboa herufi mbili, mkono ukagoma. Nitamnyang'anyaje kitu anachonishukuru?

Nimepata ruhusa ya siku tatu. Nitafika Ijumaa tarehe 27. Jumamosi apike kama kawaida, na usimwambie nakuja kukagua. Nikiona kitu kimoja tu cha hatari, jiko litakuwa mwiko kwake mpaka awe mtu mzima, na wewe ndiye utakayemweleza kwamba mama yake hakuwahi kukubali.

Mkeo

*

Nyumbani
Jumapili, 15 Aprili

Mke wangu,

Nimekamatwa, sina pa kujificha. Nilimsomea Bibi barua yako na alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Mimi sikucheka sana.

Kuhusu birika, pole. Miaka miwili umebeba mzigo huo peke yako na mimi nimelala ubavuni mwako sijui. Ungeniambia tungeubeba wawili.

Nilidanganya kwa sababu nakuogopa, hilo unalijua. Lakini pia nilidanganya kwa sababu sikujua nikuelezeje. Ningeandika "mtoto anapika" ungeona moto tu. Hungeona ninachokiona.

Wiki iliyopita mvua ilipiga asubuhi nzima. Bibi alikuwa amefunga madirisha yote ya mbao kuzuia maji, na taa tumeziwasha. Chiriku yuko katikati ya kimanda cha pili, umeme ukakatika. Giza totoro, isipokuwa ule mduara wa bluu chini ya kikaango. Bibi alisimama kutafuta mshumaa akagonga meza. Mimi nikajikwaa kwenye stuli. Tukawa tunapapasa ukuta, watu wazima wawili ndani ya nyumba yetu wenyewe. Na yeye? Akaendelea. Nikasikia mwiko unazunguka pande zote, nikasikia kimanda kinageuka, nikasikia anahesabu. Alipofika kumi na mbili akasema, "Mbona mnagongana? Kaeni, nitawaletea." Akatuletea. Sahani mkononi kwangu, uma kando yake, hakumwaga hata tone. Nilikula gizani mpaka kikaisha.

Nimemzaa mimi yule mtoto, nikidhani namjua. Siku ile nilijiona mgeni, na yeye ndiye mwenyeji anayenishika mkono.

Njoo ukague. Sitamwambia kitu. Ukiamua hapana, nitamweleza mwenyewe, nitapiga magoti nimweleze. Nakuomba jambo moja tu. Jumamosi hiyo kaa kwenye kiti, ushikilie chini ya kiti kwa mikono yote miwili, usikiachie mpaka cha mwisho kiwe mezani.

Fundi

*

Kambini
Alhamisi, 3 Mei

Chiriku wangu,

Kidole kimepona? Bibi amekupaka ile dawa? Ukijibu, jibu kuhusu kidole kwanza.

Nilipokuwa nyumbani sikuweza kusema mambo haya, na wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Sasa nakuandikia nilichokiona Jumamosi ile. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa na kazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama.

Unapopiga mayai unainamisha kichwa upande wa kulia, kama mtu aliyesikia anaitwa na jirani. Nyusi zinapanda. Ulimi unatoka kidogo pembeni ya mdomo, jambo ambalo baba yako naye hufanya akitunga uzi kwenye sindano, na nadhani hakuna aliyewahi kukwambia. Umekuwa mrefu. Aproni inakukaa kama ngozi yako. Mkono wako wa kushoto ulipanda juu ya kikaango, ukasimama hewani, kiganja chini, upana wa vidole vinne. Mimi naishi kwa kupima, mwanangu. Nina vyombo vya gharama kubwa vya miguu mitatu, na huwa vinayumba upepo ukipita. Mkono wako haukuyumba. Nilitazama nikasahau kupumua. Sikuwahi kuona mtu anayejua kitu kwa namna ile, mkubwa wala mdogo, kazini wala nyumbani. Sijui umekitoa wapi. Si kwangu.

Ukamimina mayai, ukashika mpini. Halafu moto ukaruka kidogo upande mmoja, na mimi nikapiga kelele, "Mkono!"

Ukashtuka. Kidole kikagusa ukingo wa kikaango.

Wiki kumi umepika bila kuungua hata mara moja, ukaungua siku niliyokuja kukulinda. Niliruka kutoka kwenye kiti, baba yako akanishika bega. Tulipofika nusu ya njia wewe ulikuwa umeshageuza kitasa mpaka fundo la kwanza, umepiga hatua mbili hadi kwenye bomba, kidole kiko chini ya maji. Ulikaa pale ukihesabu. Nililia. Na wewe ukasema, bila hasira, kama mtu anayeomba apishwe njia, "Mama, ukitaka kuogopa, ogopa kimya kimya. Ninasikiliza."

Ukarudi, ukazungusha mwiko, ukageuza. Kilikuwa hakijaungua. Kilikuwa changu, na nilikila chote, na Bibi alikuambia kwamba Mama amenyamaza.

Sasa lazima nikwambie jambo, na baba yako anajua kwamba nakwambia. Hakuwahi kuniuliza. Alikudanganya, akanidanganya na mimi, kwa sababu alitaka sana upike na aliniogopa. Kwa hiyo siku uliyonishukuru mara tatu, mimi nilikuwa sijakupa chochote. Nilikuja nyumbani nikiwa na nia ya kukufungia jiko. Unaweza kunikasirikia kwa hilo, una haki.

Lakini ruhusa ile ulikuwa unaidhani ni yangu, na nataka iwe yangu kweli. Naitoboa hapa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono: Pika, Chiriku. Mimi mama yako nimekubali.

Kazi huku inakwisha mwezi wa saba. Jumamosi ya kwanza nikirudi nitakuja jikoni, nitakaa kwenye kiti kilekile, nitakishikilia kwa mikono miwili. Nitaogopa, siwezi kukudanganya, nitaogopa mwili mzima tangu yai la kwanza mpaka la mwisho. Hutasikia kitu.

Mama